Mashine inayopumua: kisa cha regyuleta ya shanti iliyoanza kwa kupiga mluzi

Shemeji yangu hana maneno mengi, ila masikio anayo. Jumamosi moja alinipigia kutoka kwake Mbagala: "Shemeji, ile mashine uliyonitengenezea inapumua."

Nikamuuliza inapumua vipi.

"Kama mtu aliyelala chumba cha pili. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ikianza kupigwa peke yake, naye anaanza. Wimbo ukiisha, ananyamaza."

Mashine yenyewe haina maajabu. Ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, inayosoma muziki kutoka kwenye flashi, na moduli ndogo ya DAC (kigeuzi cha namba za kidijitali kuwa sauti) yenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments, vyote viwili vikila 5 V kutoka adapta moja ya kuchajia simu. Sauti ikitoka hapo inaingia kwenye amplifaya yake ya zamani. Niliifunga kwa siku moja, nikaisikiliza kidogo huku feni inazunguka, nikampelekea. Nasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu dawa yangu ya kwanza, regyuleta (sakiti ya kushika volti isibadilike) ya aina ya shanti, ilizidisha ugonjwa, na aliyeniumbua hakuwa osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme, bali redio ya mkononi.

Pumzi inatoka wapi

Nilipofika kwake nilifanya kosa ambalo wengi hulifanya: nikasimamisha muziki, nikaongeza sauti ya amplifaya hadi mwisho, nikatega sikio. Kimya. Nikataka kumwambia tatizo liko kwenye rekodi zake. Na kweli, baadhi ya rekodi anazozipenda zina kelele zake zenyewe. Ukimsikiliza Siti binti Saad katika santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928, mkwaruzo wa sindano unafunika kelele ya mashine yoyote utakayoiunda. Lakini alichonichezea kilikuwa taarabu iliyorekodiwa kidijitali, na pale mwanzo, kanuni ikiwa peke yake, pumzi ilisikika wazi.

Neno lake "ananyamaza" ndilo lililonipa jibu. PCM5102A ina tabia ya kuhesabu sampuli za sifuri. Zikifika 1024 mfululizo, inafunga mlango wa sauti kabisa. Kwa kasi ya 48 kHz hiyo ni sekunde 0.021 tu. Kwa hiyo ukiipima bila muziki unapima mlango uliofungwa. Ili usikie kelele yenyewe inakubidi uipe kitu kidogo cha kucheza. Mimi natumia faili ya toni ya 1 kHz iliyoshushwa desibeli 60. Chipu ikiwa kwenye sauti kamili inatoa 2.1 V, hivyo toni hiyo ni kama milivolti 2, ya kutosha kuufungua mlango bila kuziba masikio.

Toni ikicheza, pumzi ikarudi, tena yenye mikwaruzo midogo iliyobadilika kila Pi ilipokuwa inasoma flashi. Hiyo ni dalili ya umeme mchafu.

Kabla ya kununua chochote nilitaka uhakika. Nilikuwa na seli moja ya LiFePO4, ile ya lithiamu na chuma, ambayo ikishajaa na kutulia inakaa karibu 3.3 V, volti ileile ambayo chipu inaitaka. Niliinyanyua mguu wa kutolea wa regyuleta ndogo iliyo kwenye moduli, nikaunganisha seli mahali pake. Pumzi ikaisha. Shemeji akaniuliza kwa nini tusiiache hivyohivyo. Nikamuuliza nani atakuwa anaichaji. Akacheka.

Jaribio la betri nalipendekeza kwa kila mtu. Linachukua dakika 10, na linakuepusha kutengeneza regyuleta nzuri kwa ajili ya tatizo ambalo haliko kwenye umeme. Kama kelele ingebaki, ningeanza kushuku saa ya kidijitali, yaani mapigo ya kupangia muda, inayotoka kwenye Pi, na hiyo shanti haiiponyi hata kidogo.

Kwa nini shanti

Regyuleta za kawaida kama 7805, LM317 na zile ndogo za kwenye moduli hukaa njiani kati ya chanzo na mzigo, zikifungua na kubana kama bomba. Shanti inafanya kinyume. Juu kuna chanzo cha mkondo usiobadilika, tuseme 57 mA, kinachosukuma mkondo huohuo usiku na mchana. Mzigo unachukua wake. Unaobaki unamezwa na shanti iliyosimama sambamba na mzigo, na kwa kumeza huko inaishika volti isipande wala kushuka. DAC ikihitaji zaidi kwa kitambo kidogo, shanti inameza kidogo. Huko nyuma kwenye chanzo cha umeme hakuna anayejua kilichotokea.

Ni matumizi mabaya ya umeme, ndiyo. Nusu ya mkondo inaishia kuwa joto. Lakini mzigo wetu ni wa milivati mia moja hivi. Joto hilo halimuumizi mtu.

Nitasema ukweli ambao wapenzi wa shanti hawaupendi: kwa namba tupu za kelele, kuna chipu za kisasa zinazoishinda. LT3042 inatangaza mikrovolti 0.8 kati ya 10 Hz na 100 kHz, na shanti ya TL431, chipu ya miguu mitatu ya kushika volti, haifiki huko hata ukiipigia magoti. Ila LT3042 ni ndogo kama punje ya mchele, pedi yake kuu iko tumboni, na ukiikosa dukani unasubiri mzigo kutoka nje. Vifaa vya shanti nilikuwa navyo kwenye droo. TL431 yenyewe niliichomoa kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa. Ukifungua pawa saplai ya namna hiyo, au hata chaja nyingi, utaikuta ikilinda volti pamoja na optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga. Yaani kifaa kilekile kinachotumika ndani ya adapta chafu ndicho nilichokitegemea kuniepusha na uchafu wa adapta.

Hesabu

DAC niliipa umeme wake peke yake, Pi ikabaki na adapta: transfoma ya 9 V, daraja la dayodi nne, kapasita ya 2200 µF. Kileleni inakuwa kama 11 V. Juu yake LM317 niliifunga kama chanzo cha mkondo: inapenda kushika 1.25 V kati ya mguu wa kutolea na mguu wa marekebisho, kwa hiyo rezista ya omu 22 katikati ya miguu hiyo inatoa 1.25 ÷ 22, sawa na 57 mA. LM317 inapoteza kama wati 0.4. Kipande cha alumini cha ukubwa wa kiberiti kinatosha.

Chini, TL431 yenye rejeleo la 2.495 V na rezista mbili: omu 330 juu na omu 1000 chini. Hiyo ni 2.495 × 1.33, yaani 3.32 V. Moduli ilikuwa inakula karibu 28 mA, kwa hiyo TL431 ikabaki na kumeza 29. Uwezo wake ni kuanzia 1 mA hadi 100 mA, hivyo hata moduli ikichomolewa na 57 mA zote zikamwangukia, anapumua vizuri.

Mawimbi ya 100 Hz yanayobaki juu ya kapasita ya 2200 µF ni kama 0.26 V. Upinzani wa TL431 kwa mabadiliko ni takribani omu 0.2, na kwa mgawanyo wetu wa rezista unakuwa 0.27. Hata ukiipunja LM317 ukaihesabia omu 10,000 tu kwa 100 Hz, yanayopenya hadi kwenye DAC ni mikrovolti 7. Nikajiona fundi.

Nilijenga kwenye bodi ya matundu. Mezani nikaweka rezista ya omu 120 badala ya moduli, ili ile 28 mA iwepo. Multimita ikasoma 3.31. Nikapitisha kwenye amplifaya yangu ya kupimia, hatua mbili za NE5532 (op-amp, yaani chipu ya kukuza ishara) zenye ukuzaji wa mara 1000 kwa jumla, hadi kwenye kadi ya sauti ya kompyuta. Kimya kizuri. (Hatua mbili, kwa sababu ukitaka mara 1000 kutoka hatua moja, op-amp inachoka kabla ya kufika 20 kHz. Na kwanza unganisha mlango wa kuingilia na grauni ujue kelele ya kipimo chenyewe, la sivyo unajipima mwenyewe.)

Mluzi

Nikarudi Mbagala, nikaunganisha kwa waya za sentimita 12 kati ya bodi yangu na moduli. Karibu na TL431 nikaongeza kapasita ya seramiki ya 100 nF, kwa mazoea tu. Mkono unaiweka wenyewe kabla kichwa hakijaulizwa. Nikawasha. Multimita: 3.31 V. Kwenye AC: sifuri. Shemeji akakaa, tukacheza toni, halafu muziki.

Akasikiliza kama nusu dakika. "Sasa haipumui," akasema. "Sasa inapiga mluzi."

Alikuwa sahihi. Juu kabisa palikuwa na mluzi mwembamba uliotangatanga kila muziki ulipobadilika, na chini yake ile shshsh, mbaya kuliko mwanzo.

Nilikuwa na osiloskopu ndogo ya kujiunganishia mwenyewe, ile DSO138 ambayo wengi wetu tuliianzia. Ilionyesha mstari mnene kidogo, basi. Kipimo chake kinaishia 200 kHz, kwa hiyo kinachotokea juu ya hapo kinakuwa ukungu. Multimita ya bei rahisi nayo upande wa AC imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani. Zaidi ya mamia machache ya hezi inasoma inachotaka. Namba zote mbili zilikuwa zinaniambia mambo ni shwari, na masikio ya shemeji yanasema hapana.

Kwenye kabati lake kulikuwa na redio ya betri. Nikaiweka masafa ya kati, nikaisogeza hadi sentimita tano kutoka kwenye bodi, nikaanza kuzungusha gurudumu taratibu. Karibu na 600 kHz, mngurumo. Ukapotea. Karibu na 900, tena. Halafu 1200. Halafu 1500. Nikagusa kwa kidole mguu wa katodi wa TL431, na mngurumo ukahama mahali pake kama unatekenywa. Nikazima transfoma: redio kimya kotekote.

Mngurumo unaojirudia kila baada ya 300 kHz maana yake kuna kitu kinachotetema kwa 300 kHz, na sehemu hizo nne ni vizidishi vyake. Regyuleta yangu ilikuwa imegeuka stesheni. Kelele hiyo ya 300 kHz haisikiki kwa sikio, lakini ndani ya PCM5102A kuna pampu ya chaji (sakiti inayotengeneza volti hasi) na saa zinazokata umeme kwa kasi zake, na masafa mawili yakikutana kwenye sakiti isiyo nyoofu, tofauti yao inazaliwa. Ninavyoelewa, mluzi ulikuwa ni tofauti hiyo.

Lakini mezani ilikuwa kimya. Kilichobadilika ni nini? Rezista ya omu 120 haina kapasita. Moduli inazo. Nilizipima kati ya pini ya umeme na grauni, umeme ukiwa umezimwa: karibu 2 µF za seramiki. Ongeza ile 100 nF ya mazoea.

Datashiti ya TL431 ina grafu ambayo wengi tunaipita tukikimbilia mchoro wa sakiti. Mlalo ni ukubwa wa kapasita ya mzigo, wima ni mkondo, na katikati kuna kilima. Ukiwa ndani ya kilima, TL431 inaweza kutetema. Kilima kinaanza kwenye nanofaradi chache na kuishia mikrofaradi chache, na kadiri volti yako inavyokaribia 2.5 ndivyo kinavyokuwa kipana na kirefu. Mimi nilikuwa na 3.3 V, 29 mA na 2 µF za seramiki. Nilijenga nyumba kileleni.

Sababu yenyewe si ngumu. TL431 ndani yake ni amplifaya inayojisahihisha: volti ikipanda inameza zaidi, ikishuka inameza kidogo. Kapasita inachelewesha habari ya volti. Ndani ya TL431 kuna ucheleweshaji mwingine. Ucheleweshaji mmoja inaumudu. Miwili ikijumlishwa, masahihisho yanafika wakati kosa limeshageuka upande wa pili, na badala ya kulizima yanalisukuma, kama mtu anayesukuma bembea. Seramiki haina karibu upinzani wowote ndani yake wa kuituliza bembea hiyo.

Kilichofanya kazi

Niling'oa ile 100 nF kwanza. Redio iliendelea kunguruma, kama nilivyotarajia, kwa kuwa 2 µF za moduli bado zipo. Nikajaribu rezista ya omu 1 kati ya shanti na moduli: mngurumo ukafa. Ila hiyo inaharibu kusudi zima, kwani DAC sasa inaona omu 1 badala ya robo. Kwa dharura inafaa.

Nikaitoa, nikaweka kapasita ya elektrolitiki ya 220 µF, ya kawaida kabisa, sambamba na TL431. Redio kimya kuanzia mwanzo wa masafa hadi mwisho, ila stesheni za kweli. Ukubwa wake unakupeleka ng'ambo ya pili ya kilima, na upinzani mdogo wa ndani ambao tunaulaumu kila siku kwenye elektrolitiki hapa ndio unaotuliza bembea. Anayetaka kuweka ile ya bei kubwa ya polima, yenye upinzani karibu na sifuri, kwa kudhani anaboresha, awe na redio karibu.

Kuna faida ya ziada. Omu 0.27 na 220 µF zinakutana kwenye 2.7 kHz hivi. Juu ya hapo kapasita ndiyo inayoshika volti, na kelele ya TL431 yenyewe inaanza kufunikwa. Kwenye kipimo changu cha mezani, ambacho si cha maabara, kelele hadi 20 kHz ilishuka kutoka karibu mikrovolti 30 bila kapasita hadi kama 12 ikiwa nayo. Chini ya 2.7 kHz kelele ya TL431 inabaki kama ilivyozaliwa. Anayetaka kwenda mbali zaidi aachane na TL431, atumie LED nyekundu kama rejeleo, aichuje kwa omu 10,000 na 100 µF, kisha transista chini yake. Ni sakiti nzuri, lakini ni siku nyingine.

Kilichobaki ni waya. Kuna mila ya "waya nne": mbili za mkondo, mbili nyembamba za kuonja volti mlangoni mwa mzigo. Nilikuwa nimejiandaa kuzifunga. Nikapiga hesabu kwanza. Sentimita 24 za waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, kwenda na kurudi, ni omu 0.008, wakati TL431 yenyewe ni 0.27. Hazisaidii kitu hapa. Ila waya huohuo una induktansi, yaani ukaidi wake kwa mkondo unaobadilika, ya kama nanohenri 200, na kwenye 1 MHz hiyo ni zaidi ya omu 1. Tatizo la waya ule ni urefu.

Kwa hiyo nikaikata regyuleta vipande viwili. LM317 na kipoza joto chake vikabaki karibu na transfoma, kona ya mbali ya kasha; yeye anatuma mkondo usiobadilika, na mkondo usiobadilika haujali umetembea sentimita 12 au 40. TL431, rezista zake mbili na kapasita ya 220 µF nikavilehemu juu ya moduli yenyewe, miguu imekatwa hadi milimita chache. Sasa mkondo unaobadilika wa DAC unazunguka kwenye kiduara kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Tahadhari mbili kwa atakayejaribu. Mguu wa TL431 ukiachia, hakuna wa kuishika volti, na 57 mA zitaipandisha hadi DAC ife; kabla ya kuunganisha moduli, washa kwa rezista na upime, na kumbuka miguu: ubapa ukikutazama, kushoto rejeleo, katikati anodi, kulia katodi. Mimi niliwahi kuigeuza. Pili, Pi ikiwa imewaka na shanti imezimwa, mistari ya data inaisukumia umeme chipu ambayo haina chakula. Nilitia rezista za omu 100 kwenye mistari mitatu ya I2S, ile inayopeleka data ya sauti, na swichi moja ya ukutani kwa vyote.

Tulimaliza saa mbili usiku. Shemeji alizima feni mwenyewe, akacheza ile taarabu kuanzia mwanzo, kanuni peke yake. Akaisikiliza hadi mwisho bila kusema neno, kisha akairudia. Mimi nilikuwa naandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa kasha: 3.31 V, 57 mA, TL431 29 mA, C 220 µF, usiweke seramiki.